Gwaride Lirekodiwe, Kila Mtu Aende Nalo Nyumbani

Mhariri, naomba nafasi kidogo katika jarida letu nitoe dukuduku langu. Nimelibeba tangu muhula wa pili na sasa limenielemea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sitaki kuumbuliwa, kwa hiyo nasema waziwazi, na yeyote nitakayemkwaza anisamehe kama mtoto wake.

Ndugu msomaji, nataka kuzungumza juu ya bendi yetu, na juu ya ile michoro ya gwaride inayotembea ndani ya kompyuta ambayo wengi wenu mliisikia mkaicheka. Wapo wanaosema ati huo ni mchezo wa watoto. Wapo wanaosema gwaride hufunzwa uwanjani kwa jua na jasho, si kwa kukodolea kioo macho. Maoni yangu ni haya: kila gwaride la bendi lichorwe kwenye tarakilishi, lirekodiwe kutoka kwenye kioo hicho, na kila mchezaji apewe vidio yake aende nayo nyumbani. Tena asifukuzwe mtu kwenye bendi kwa kukosa mazoezi kabla hajapewa nafasi ya kujifunza kwa njia hiyo.

Hebu nianze mwanzo.

Kila mwaka bendi hujiandaa kwa Sikukuu ya Madaraka, tarehe 1 Juni, katika uwanja wa makao makuu ya kaunti ndogo. Mwaka huu tulianza tukiwa 24: ngoma kubwa moja, ngoma ndogo nane, matarumbeta saba, filimbi sita na wapiga matoazi wawili. Tulitakiwa tuingie kwa mistari minne ya watu sita sita, mistari ivunjike iwe ngao, kisha ngao ifunguke iwe duara, huku muziki haukatiki hata kidogo. Ukisikia hivi unaona ni jambo jepesi. Lakini jaribu wewe kutembea ukipiga ngoma, uhesabu hatua, umtazame wa kulia kwako kwa pembe ya jicho, na usimkanyage wa mbele!

Mazoezi yetu yalikuwa saa kumi na robo hadi saa kumi na moja unusu jioni. Mwalimu alichora vidoto ubaoni kwa chaki, kisha tukaenda uwanjani akatupanga mmoja mmoja kwa kutushika mabega. "Wewe simama hapa. Wewe songa. Siyo huko, huko kwingine!" Kufikia saa kumi na moja alikuwa amepanga ngao nusu, na sauti imemkauka. Kesho yake tunasahau, tunaanza upya.

Sasa kumbukeni shule yetu ni ya kutwa. Sisi hatulali hapa. Kengele ya mwisho ikilia, kuna anayetembea saa nzima kufika kwao, na giza halimngoji mtu. Kuna dada mmoja wa darasa letu, mpiga ngoma ndogo, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakunituma. Mama yake huuza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara. Saa kumi na nusu mama huyo huenda kuosha vyombo hotelini, na binti yake ndiye hukaa kibandani hadi usiku. Akibaki mazoezini, kibanda kinafungwa. Kibanda kikifungwa, si unajua mwenyewe kitakachofuata nyumbani.

Dada huyo alikosa mazoezi mara nne katika wiki mbili. Siku ya Ijumaa orodha ikabandikwa ukutani na jina lake halimo. Alikwenda stoo akaziweka zile fimbo zake mbili za ngoma juu ya meza, akazipanga sambamba, akaondoka. Hakulia. Afadhali angelia.

Ndipo nilipoanza kufikiri. Mimi nasoma somo la kompyuta, na katika maabara yetu mashine nane zinafanya kazi. Tulikuwa tumefunzwa programu iitwayo Scratch, ambayo ni ya bure na huweza kutumika bila intaneti ikishawekwa. Jukwaa lake lina upana wa vipimo 480 na kimo cha vipimo 360, na katikati ndiyo sifuri. Hatua moja ya mchezaji niliipa vipimo 10, kwa hiyo kioo kikawa uwanja wa hatua 48 kwa 36. Kila mchezaji nikamfanya kidoto chenye namba yake, kuanzia 1 hadi 24. Mwendo wetu ni hatua 120 kwa dakika, yaani hatua mbili kila sekunde. Basi zamu ya hatua 8 nikaipa sekunde 4, na ya hatua 16 nikaipa sekunde 8. Ndani ya Scratch kuna amri ya kukitelezesha kidoto mpaka mahali fulani kwa sekunde unazotaka. Nikapanga amri hizo moja baada ya nyingine, nikabonyeza bendera ya kijani, na haki ya Mungu gwaride likatembea!

Hapo hapo tukagundua makosa ambayo uwanjani yangetuchukua siku tatu kuyaona. Namba 17 alitakiwa kwenda umbali wa hatua 22 ndani ya hesabu 16. Sasa huyo atembee au akimbie? Ngoma kubwa nayo ilipita katikati ya mtu wa tarumbeta kama kwamba ni mzimu. Kwenye kioo vidoto hupitana bila kuumizana. Uwanjani kungevunjika meno. Tukabadilisha njia zao kabla ya mtu yeyote kutoa jasho.

Lakini mchoro huo ulikuwa umefungwa ndani ya mashine ya shule. Huwezi kuibeba kompyuta kichwani uende nayo kwenu. Ndiyo maana tukawaza kuurekodi. Mara ya kwanza mwalimu wa maabara alisimama mbele ya kioo na simu yake mwenyewe akapiga vidio. Masikini! Mistari myeusi ilikuwa ikipanda na kushuka, taa ya darini ikang'aa katikati ya ngao, na mkono ukatikisika hata vidoto vikaonekana kama vimelewa. Baadaye tukajua kwamba mashine zenyewe zina njia ya kurekodi. Katika Windows 10 na 11 unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na Alt na R, na dirisha la programu unayotumia linaanza kurekodiwa. Ukibonyeza tena, linaacha. Iko pia programu ya bure iitwayo OBS Studio. Kwenye Mac unabonyeza Shift, Command na 5. Hakuna mkono unaotikisika wala taa inayong'aa.

Kuna anayeuliza, je, vidio hiyo si nzito? Hebu tupige hesabu ya darasa la nane. Ukirekodi kwa kilobiti 1,000 kwa sekunde, dakika mbili ni kilobiti 120,000. Gawanya kwa 8, unapata kilobaiti 15,000, yaani kama megabaiti 15. Na vidoto juu ya uwanja mweupe havihitaji hata hizo; nusu yake yatosha. Vidio yetu ilikuwa ndogo. Iliingia kwenye flashi ya mwalimu, ikaenda kwa simu za wazazi waliokubali, na asiye na bando akaipata kwa Bluetooth.

Sitaficha makosa yangu. Vidio ya kwanza ilinitia aibu. Nilikuwa nimechora uwanja jinsi anavyouona mgeni aliyeketi jukwaani. Sasa mchezaji anamtazama mgeni, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa kioo. Wachezaji tisa walikuwa wameitazama nyumbani kwa bidii, tena wengine usiku. Jumatatu tukapanga mistari. "Mbele tembea!" Hesabu ya kumi na sita ilipofika, wale tisa wakaenda upande wao na kumi na wanne waliobaki upande mwingine. Tarumbeta likamgonga mwenyewe mdomoni, toazi likaanguka likaviringika hadi golini. Shule nzima iliyokuwa ikingoja kwenda nyumbani ilicheka. Mwalimu wa bendi akanitazama akasema, "Haya ndiyo matunda ya kompyuta."

Nilikubali kosa. Usiku sikulala vizuri. Lakini dawa yake ilikuwa ndogo kuliko aibu yenyewe: nilibadilisha alama tu. Palipokuwa na 60 nikaweka −60, palipokuwa na −90 nikaweka 90, na uwanja wote ukageuka. Tukarekodi vidio mbili, moja ikaitwa "Upande wa Jukwaa" na ya pili "Upande wa Mchezaji". Tangu siku hiyo hakuna aliyegongana. Ngao ambayo zamani ilituchukua wiki mbili, tuliikamilisha kwa jioni tatu.

Na yule dada? Vidio ilifika kwa simu ya mama yake. Alikuwa akiitazama kibandani kati ya mteja na mteja, akipanga vizibo vya soda juu ya meza ya nyanya na kuvisogeza hesabu kwa hesabu. Siku moja wakati wa chakula cha mchana alituambia tumtazame. Akatembea nafasi yake ya namba 11 peke yake kwenye nyasi, bila ngoma, bila muziki, akihesabu kwa midomo. Kutoka mistari hadi ngao, kutoka ngao hadi duara. Hakukosea hata hatua moja. Sisi tuliohudhuria mazoezi yote, wangapi tungeweza hivyo? Mimi singeweza.

Tulimwendea mwalimu. Akasema orodha imekwisha kufungwa, na sheria ni sheria. Tukaenda Madaraka tukiwa 23. Mimi ni namba 12. Katika ngao, kushoto kwangu hapakuwa na mtu. Pengine wageni hawakuliona pengo hilo. Mimi niliona.

Sasa nizijibu hoja za wanaopinga, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sipendi kuvutia kwangu tu.

Hoja ya kwanza, wanasema gwaride ni miguu, si macho. Kweli kabisa. Vidio haiwezi kukufunza kuinua goti, kunyoosha mgongo, wala kusikia pumzi ya mwenzako. Siombi mazoezi yafutwe. Nasema mtu akifika uwanjani akijua pa kwenda, mwalimu atapata muda wa kumfunza namna ya kwenda. Sasa hivi jioni nzima huishia kwenye "songa huku, songa kule".

Hoja ya pili ni simu. Sheria za shule zinakataza mwanafunzi kuleta simu, na mimi siipingi sheria hiyo hata kidogo. Vidio iende kwa mzazi kupitia mwalimu, itazamwe nyumbani. Lakini je, asiye na simu ya kutazama vidio? Katika bendi yetu wapo wawili ambao kwao kuna mulika mwizi tu. Hao wafunguliwe maabara wakati wa chakula cha mchana, dakika ishirini. Tena wachapishiwe karatasi moja yenye namba yao na mahali wanapotakiwa kuwa katika kila hesabu. Haki isiwe ya wenye simu kubwa peke yao, la sivyo tutakuwa tumeondoa ubaguzi mmoja na kuleta mwingine.

Hoja ya tatu, wapo wanaosema mambo haya ni ya wazungu. Ni kweli Marekani wametutangulia. Huko bendi za shule na vyuo huchora maumbo kwenye uwanja wa mpira wao wenye yadi 100 kati ya mistari ya magoli, na wengi hutumia programu ya kulipia iitwayo Pyware. Hatua yao ya kawaida ni nane kwa kila yadi tano. Mwaka 2013 bendi ya Chuo Kikuu cha Ohio State ilichora uwanjani umbo la Michael Jackson likitembea kinyumenyume, na dunia ikatazama vidio yake. Lakini nani alisema sisi ni wageni wa gwaride? Waulizeni wazee wa Pwani habari za beni. Tangu miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa walichukua ngoma na matarumbeta ya wakoloni wakayafanya ngoma yao wenyewe. Mombasa kulikuwa na vyama vya Kingi na Scotchi vilivyoshindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa gwaride, na mchezo huo ukaenea hadi Tanganyika na kwingineko. Mwanahistoria Terence Ranger aliuandikia kitabu kizima mwaka 1975. Ikiwa babu zetu hawakuogopa tarumbeta, mbona sisi tuogope kitufe cha kurekodi?

Hoja ya nne ndiyo nzito, nayo ni wizi. Kurekodi kioo ni rahisi mno. Ukiweza kurekodi kazi yako, unaweza pia kurekodi ya shule jirani au ya bendi ya ng'ambo, ukafuta jina lao ukaandika lako. Huo ni wizi kama wizi mwingine, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwenye kubuni. Basi tuandike mwanzoni mwa kila vidio: gwaride hili limebuniwa na fulani, mwaka fulani. Kama ni la wengine, tuombe ruhusa kwanza. Na wasambazaji wetu nao wasiitume ovyo kabla ya siku ya sherehe. Siri ya bendi ni kama siri ya nyumba.

Kuna jambo la mwisho ambalo linanitia hofu kuliko yote. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023. Nyuma yetu hakuna Kidato cha Pili wala cha Kwanza. Wapo ndugu zetu wa Gredi ya 10 walioingia Januari 2026. Wenzetu wa Kidato cha Nne wakimaliza, wanaondoka na nusu ya gwaride vichwani mwao. Mwakani tukiondoka sisi, inaondoka nusu iliyobaki. Gwaride la mwaka juzi, lile la nyota, nani analikumbuka leo? Nimeuliza. Kila mtu anakumbuka nafasi yake tu, na waliosimama katikati walishamaliza shule. Nyota ile imekufa. Kama ingerekodiwa, Gredi ya 10 wangeipata, waikosoe, waiboreshe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mosi, bendi ipewe mashine mbili kila Ijumaa alasiri kwa kuchora na kurekodi, na mwalimu wa bendi awe ndiye mkaguzi wa michoro yote, maana yeye ndiye anayejua gwaride. Mimi najua vidoto tu. Pili, vidio zote zihifadhiwe katika maktaba ya shule pamoja na majina ya waliozibuni. Tatu, mtu akikosa mazoezi kwa sababu za nyumbani zinazojulikana, asikatwe kwenye orodha. Apewe vidio, kisha apewe siku moja ya mtihani uwanjani mbele ya wote. Akishindwa, aondoke, na sisi wenyewe hatutamtetea. Akiweza, arudishiwe fimbo zake.

Mwalimu wetu wa bendi namheshimu. Ametufunza bila malipo ya ziada, na siku za mvua yeye ndiye huwa wa kwanza kufika uwanjani. Najua ataisoma makala hii, na sikuiandika kwa nyuma yake. Nilimwonyesha kabla ya kuileta kwa mhariri. Aliisoma yote kimya, akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Peleka." Halafu nilipofika mlangoni akaniuliza, "Namba 11 anatoka kibandani saa ngapi?"

Sikuwa na jibu kamili, lakini nimeuliza. Ni saa tatu usiku. Jumapili ndiyo siku anayopumzika.

Hadi ninapoandika haya bado hajarudishwa. Zile fimbo zake ziko stoo, mahali pale pale. Ndugu wasomaji, nawaachia ninyi mpime.

Mwanachama, Kidato cha Tatu